Resi na Rangi: Somo la Kijiwe cha Bodaboda

Wadau, kijiwe cha bodaboda nje ya geti letu kina mijadala miwili isiyoisha. Wa kwanza: injini ivutwe resi mpaka wapi? Wa pili: pikipiki ipakwe rangi gani? Baadhi ya wanaobishana ni wanachuo wenzetu waliochukua pikipiki kwa mkataba, na kila siku wanapeleka hesabu kwa tajiri. Injini ikifa, hesabu haifi. Kwa kuwa nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati, naomba tuusome ubishi huu kama somo.

Tuanze na resi. Hupimwa kwa mizunguko ya krenki kwa dakika. Chukua injini ya CC 150 ambayo pistoni yake inasafiri milimita 58 kutoka chini hadi juu. Ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, hiyo ni mara 125 kwa sekunde. Kila mzunguko pistoni inapanda na kushuka, jumla milimita 116. Zidisha, unapata mita 14.5 kwa sekunde. Na huo ni wastani tu, maana kila ikifika mwisho wa safari yake inasimama na kugeuza.

Huko kusimama na kugeuza ndiko kunakoichosha injini. Nguvu inayovuta konrodi hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Ukitoka 5,000 kwenda 7,500, mizunguko imekua mara 1.5, lakini nguvu hiyo imekua mara 2.25. Resi ikizidi sana, springi nazo zinashindwa kufunga valvu kwa wakati, na kwenye baadhi ya injini valvu inaweza kugongana na pistoni. Hapo fundi anafungua kila kitu.

Ndiyo maana pikipiki nyingi zina kikomo ndani ya CDI: resi ikizidi, moto wa plagi unakatwa. Wapo wanaobadilisha CDI ili chombo "kifunguke". Lakini injini ina kilele chake cha nguvu. Ukikipita, hewa haiwahi kuingia ya kutosha, nguvu inashuka, unabaki na kelele na joto. Tena kikomo hakilindi kila kitu. Ukiwa kasi halafu ukashusha gia mbili kwa mpigo, tairi ndilo linaloizungusha injini, na kukata moto hakusaidii.

Sasa rangi. Mmoja anasema nyekundu inaonekana mbali, mwingine anasema nyeusi haionyeshi uchafu. Utafiti uliofanyika Auckland, Nyuzilandi, na kuchapishwa mwaka 2004 katika jarida la BMJ, ulilinganisha waendesha pikipiki waliopata ajali na ambao hawakupata. Rangi ya pikipiki kwa mbele haikuonekana kuhusiana na hatari ya kuumia. Mavazi yalihusiana: waliovaa nguo za kuakisi au kung'aa walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 37, na wenye kofia ngumu nyeupe, wakilinganishwa na wenye nyeusi, kwa asilimia 24.

Kwa hiyo anayependa nyekundu apake nyekundu, ni raha yake, ila akumbuke kurekebisha na kadi ya usajili. Kama hela ni ya kitu kimoja tu, reflekta na kofia nyeupe vitangulie. Rangi ya tenki utaiona wewe. Reflekta ataiona dereva wa lori.

Wenzangu tunaokwenda mazoezi ya kufundisha, wanafunzi watatuuliza kipeo cha pili kitawasaidia nini maishani. Wapeni zoezi hili: injini ile ile ikizunguka 9,000, wastani wa mwendo wa pistoni ni ngapi, na nguvu kwenye konrodi imekua mara ngapi kuliko ikiwa 5,000? Jibu ni mita 17.4 kwa sekunde, na mara 3.24. Ukishalipata, mpelekee na yule jamaa anayetafuta CDI isiyo na kikomo. Afanye hesabu hii kabla hajalipa.