Kabla ya Kuwasha Kamera: Somo kwa Mafundi wa Video



Kiangazi kikifika huku Uingereza, harusi, sendofu na ubatizo wa watu wetu hufuatana Jumamosi kwa Jumamosi, kuanzia Reading mpaka Leicester. Kila shughuli ina kijana mwenye kamera. Ufundi anaujua, ila biashara anaifanya kwa kukisia: bei inatajwa kwenye simu, malipo ni "tutaelewana tu", na mwisho wake undugu unavunjika kwa sababu ya video. Kwa hiyo leo tuuache ufundi, tuzungumzie ruhusa, hesabu na maandishi.

1. Ruhusa kwanza

Mwenye viza ya mwanafunzi hapa Uingereza haruhusiwi kujiajiri. Zile saa 20 kwa wiki wanazopewa wanaosoma shahada wakati wa muhula ni za kuajiriwa, siyo za kupiga video na kutoa ankara kwa jina lako. Hata ukiediti usiku chumbani kwako kazi ya mteja wa Nairobi, akakulipa kwa M-Pesa, bado umejiajiri ukiwa hapa. Usidanganywe na anayesema pesa taslimu haionekani. Ukibainika unaweza kupoteza viza, na masomo yote uliyolipia yakaishia njiani.

Njia halali ipo. Unaweza kuajiriwa na kampuni ya video ndani ya saa zako, au ukamaliza masomo na kupata viza ya Graduate, ambayo inaruhusu kujiajiri. Mwenye uraia au ukaazi wa kudumu hana kizuizi hiki. Ukiwa na shaka, kaulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Wenzetu wa Marekani wenye F-1 nao wana masharti makali, wasiguse kazi ya nje ya chuo kabla ya kuuliza.

Yanayofuata ni kwa mwenye ruhusa, na kwa anayejiandaa.

2. Hesabu saa zote, siyo siku ya sherehe tu

Tuchukue mfano wa harusi moja:

Kurekodi: saa 8
Kuhamisha na kunakili: saa 2
Kuangalia na kuchagua: saa 6
Kuediti: saa 14
Rangi na sauti: saa 4
Marekebisho ya mteja: saa 4
Kutoa faili na kukabidhi: saa 2
Jumla: saa 40

Weka nauli pauni 40 na diski pauni 60. Ukitoza pauni 300, unabaki na 200. Gawa kwa 40, umelipwa pauni 5 kwa saa! Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kiliwekwa pauni 12.21. Kima hicho hakimlindi aliyejiajiri, lakini ni kipimo kizuri. Kwa saa 40 ni pauni 488.40, ongeza gharama 100, jumla 588.40. Hapo hata uchakavu wa kamera hatujauweka.

Ukitaka kumpunguzia ndugu, mpunguzie huku ukijua unachotoa. Andika bei kamili 590, chini yake andika "mchango wangu wa harusi 150", halafu 440 iliyobaki. Hivyo anaona ulichochangia, na rafiki yake akija hatadai bei ya 440.

3. Tuandikiane

Wengi wetu tunaona aibu kumwandikisha mtu mzima. Lakini jamani, kamati ya harusi yenyewe inaandika kila mchango kwenye daftari. Na wewe uwe kwenye daftari. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia:

"Shikamoo Mama. Nitarekodi harusi saa 6 mchana mpaka saa 2 usiku, tarehe tuliyokubaliana. Bei ni pauni 590. Nusu inatangulia ili nifunge tarehe, nusu kabla ya kukabidhi. Mtapata video ya dakika 90 ndani ya wiki 6. Marekebisho ni mara mbili, yakizidi ni pauni 15 kwa saa. Msemaji wenu awe mmoja. Picha ghafi nitazitunza miezi 3. Naomba unijibu kwamba umekubali."

Hapo kwenye marekebisho na msemaji mmoja ndipo pesa zinapopotelea. Bila sharti hilo, kila shangazi atataka aonekane zaidi, na utaediti mpaka Krismasi.

Kuna na suala la hakimiliki. Kwa sheria ya Uingereza ya 1988, mteja hapati hakimiliki kwa sababu tu amelipa. Inahamishwa kwa maandishi yenye saini. Lakini sheria hiyo hiyo inampa aliyeagiza video ya mambo yake binafsi haki ya kukataa isionyeshwe hadharani. Kwa hiyo usirushe kipande cha bibi harusi mtandaoni kujitangaza bila idhini ya maandishi. Muziki nao una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na kununua wimbo hakukupi ruhusa ya kuuweka kwenye video ya biashara.

4. Nafasi ya kuhifadhi

Kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa 8 upate megabaiti 12.5. Zidisha kwa sekunde 3,600, ni gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa 8 ni gigabaiti 720. Nenda na kadi za kutosha, na diski mbili, siyo moja. Usifute kadi mpaka umefungua nakala zote mbili ukaziona zinacheza, na diski moja ikae nyumba nyingine. Harusi hairudiwi.

5. Kodi na madeni

Mapato ya kujiajiri yakizidi pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, yaani 6 Aprili mpaka 5 Aprili, jiandikishe HMRC kabla ya tarehe 5 Oktoba inayofuata. Hiyo 1,000 ni mapato kabla ya kutoa gharama. Tunza risiti.

Kwa deni, England na Wales kuna utaratibu wa mahakama wa madai madogo, mpaka pauni 10,000, na ule ujumbe wa simu ni ushahidi. Ila kumpeleka mahakamani mtu mnayekutana naye kila msiba na kila Idi ni jambo zito. Ndiyo maana malipo yakamilike kabla video haijatoka mkononi mwako.

Zoezi

Chukua shughuli yoyote unayoijua, andika saa zote, toa gharama, gawa. Halafu andika ujumbe wako kwa mteja, usizidi mistari kumi. Njooni navyo mkutano ujao tusahihishane.