Mirathi, Mifugo na Vitabu: Namna Ninavyosaka Sheria Nikiwa Bura

Mtu akifariki hapa Bura, Tana River, akaacha wake wawili, ng'ombe na shamba la skimu ya umwagiliaji, hakuna kitabu kimoja kitakachowaeleza wanawe wagawane vipi. Kwa hiyo mimi sianzi na jina la kitabu. Naanza na swali, nalo naliandika daftarini kwa ukamilifu: nani anarithi nini, na marehemu alikuwa wa jamii na dini gani. Swali likishakaa sawa, kitabu kimoja hukuelekeza kwa kingine.

Soma kwanza sheria yenyewe, kabla ya kitabu kinachoieleza. Tovuti ya Kenya Law inazo sheria za nchi na hukumu za mahakama, bure, na inafunguka kwenye simu. Tafuta Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1981. Wengi husoma sehemu ya mjane na watoto, kisha wakaacha. Wewe endelea hadi vifungu vya 32 na 33. Humo utakuta kwamba mtu akifa bila wosia, mgao wa kawaida haugusi ardhi ya kilimo, mazao yaliyomo wala mifugo katika wilaya kadhaa zilizotajwa. Tana River ni mojawapo, pamoja na Garissa, Lamu, Wajir na nyinginezo. Mali hiyo hufuata sheria au mila ya jamii ya marehemu. Kisha rudi kifungu cha 2(3): mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu.

Hapo ndipo vitabu vikuukuu vinapopata kazi. Sheria ya nchi yenyewe inakutuma kwenye mila na kwenye fiqhi, nawe huna budi kwenda. Lakini nenda na Katiba ya 2010 mkononi. Ibara ya 2(4) inabatilisha mila yoyote inayopingana na Katiba, na ya 27 inakataza ubaguzi. Binti akinyimwa mifugo kwa sababu ni binti, ibara hizo mbili zisomwe kikaoni kwa sauti.

Shamba la skimu lina mambo yake. Mradi wa Bura ulipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977, na familia kutoka pembe nyingi za Kenya zikaja kulima pamba mapema miaka ya 1980. Mkulima alishika leseni, hakumiliki ardhi, na kanuni za umwagiliaji za 1977 zilimruhusu kumtaja kwa maandishi mtu wa kumrithi katika leseni hiyo. Baadaye Sheria ya Umwagiliaji ya 2019 ikachukua nafasi ya sheria ya zamani ya umwagiliaji, Sura ya 347, na Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ikawa Mamlaka. Kwa hiyo ukishika ripoti ya zamani kuhusu wakulima wetu, uliza kwanza iliandikwa chini ya sheria ipi. Ripoti nyingi za mradi zimo katika hazina ya nyaraka ya Benki ya Dunia mtandaoni, nazo ni bure.

Nina desturi moja ninayoisisitiza kwa kila anayeniuliza. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu naandika kwa penseli mwaka kilipochapishwa, na chini yake sheria zilizokuja baadaye: Mali ya Ndoa 2013, Ndoa 2014, Ardhi ya Jamii 2016, Watoto 2022. Kitabu cha kabla ya 2016 kitakuzungumzia ardhi ya amana na mabaraza ya kaunti ya wakati ule, ilhali mfumo huo umeshafutwa. Hata hivyo usikitupe, maana kinakuonyesha malalamiko ya leo yalianzia wapi.

Katika kutafuta mtandaoni, majina ndiyo mlango. Vitabu vya zamani viliwaita Waorma "Galla", jina ambalo wenyewe hawalitaki, na Wamunyoyaya "Korokoro". Mji wa Hola wakati fulani uliitwa Galole. Jaribu yote. Kumbuka pia kuna Bura ya Fafi, upande wa Garissa, na Bura ya Taita. Ukiandika "Bura" peke yake utasoma kesi ya Wataita hadi bando liishe, basi ongeza "Tana River" au "Hola".

Sasa vitabu vyenyewe. Kwa familia za skimu zilizotoka bara, Eugene Cotran aliandika juzuu mbili za mila za Kenya, ya ndoa na talaka mwaka 1968 na ya urithi mwaka 1969. Kwa Wapokomo wa juu kuna kitabu cha Robert Bunger cha 1973 kuhusu namna Uislamu ulivyoingia kwao. Kwa ndoa ya Kiislamu kwa Kiswahili chepesi, mtafute Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Ndoa, Talaka na Maamrisho Yake, kisha umwone ustadhi anayesoma kitabu cha fiqhi cha Minhaj cha Imam Nawawi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni Making a Market cha Jean Ensminger, cha 1992. Aliishi na Waorma wa Galole, akaeleza jinsi wazee waliokwisha kukaa mahali pamoja walivyoanza kutegemea nguvu za chifu na serikali kuwazuia wafugaji wa kuhamahama wasilishe katika malisho yao. Ukikisoma ukiwa hapa, utazielewa hoja zinazosikika kwenye vikao vya malka, yaani njia za mifugo kwenda mtoni, na malisho mpaka sasa. Baada yake soma hukumu ya Mahakama Kuu ya 2013 kuhusu Delta ya Tana, kesi namba 14 ya 2010, iliyodai mipango ya matumizi ya ardhi na maji ifanywe kwa kuwashirikisha wenyeji. Hukumu nzuri husomeka kama kitabu: ina watu, madai, ushahidi na sababu.

Kuvipata kunataka subira. Internet Archive huazimisha baadhi ya vitabu kwa saa moja moja, basi andaa daftari kabla hujafungua. Maktaba ya Garissa inafaa kwa vitabu vya Kenya. Ukifika Nairobi, ingia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, uombe ripoti za mwaka za wilaya ya Tana River za enzi za ukoloni. Toka hapo uwapitie wauza vitabu vya mitumba mjini. Uwaachie orodha na namba ya simu. Kitabu kikipatikana unalipa kwa M-Pesa na kinakuja kwa basi.

Usisome peke yako. Nikishanakili kurasa chache nawasomea wazee, wa gasa kwa Wapokomo au wa matadeda kwa Waorma, kwa Kiswahili. Watakuambia palipoandikwa sawa na palipopinda. Halafu, na hili nalishikilia sana, wasomee na kina mama kando. Cotran alikusanya mila zake kupitia mabaraza ya wazee, na mjane analijua jambo ambalo baraza la wanaume halikuulizwa. Susan Hirsch, katika Pronouncing and Persevering cha 1998, alikaa kwenye mahakama za kadhi za pwani yetu akawasikiliza wanawake wakijenga kesi zao kwa maneno yao. Kisome kabla hujamsindikiza dada au shangazi kwa kadhi.

Ninachokisaka sasa ni kitabu cha mirathi ya Wapokomo kilichoandikwa na Mpokomo mwenyewe, na kama mwandishi ni mwanamke, nitakifuata popote kilipo.