MAFUNZO YA NYUMBANI: KULIPAKA RANGI JIKO KUUKUU

Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni limo jiko la makaa lenye chungu cha udongo ndani na bati nje. Jiko hili lilianza kuenezwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na umbo lake mwalijua: pana juu, jembamba kiunoni, na pana tena chini. Mafundi hulitengeneza kwa bati la mapipa na madebe yaliyokwisha kutumika. Baada ya muda bati hushika kutu, na mwenye nyumba hutamani kulipaka rangi. Jambo hilo ni jema, lakini lina utaratibu wake. Rangi ni nguo ya bati tu, haiponyi chungu.

KWANZA, KAGUA CHUNGU. Chungu ndicho kizuiacho joto lisipotee, nacho hupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi kuliko jiko la bati tupu. Jiko likiwa baridi, lisukume kwa vidole. Ufa mwembamba si neno. Lakini chungu kikitikisika, au kikiwa kimemeguka, peleka jiko kwa fundi atie kingine kabla hujanunua rangi. Usipofanya hivyo utakuwa na jiko la kupendeza lenye kula makaa bure. Na makaa ni miti yetu: mnamo Januari 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti, kwa sababu ya ukataji wa miti.

PILI, ONDOA KUTU NA RANGI YA ZAMANI. Hapa pana hatari. Bati la pipa huenda likawa na rangi ya kale yenye madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu inayoharibu akili za watoto. Kwa hiyo usikwangue bati kavu, wala usiunguze rangi motoni. Fanya kazi nje, mbali na watoto, kuku na ghala ya nafaka. Tandika gazeti kuukuu, funika pua na mdomo kwa kitambaa, lowesha bati kwa maji, kisha sugua kwa msasa. Takataka zote zifunge katika gazeti hilo, uzifukie mbali na kisima na shamba. Osha bati kwa maji na sabuni, lianike likauke kabisa. Usilisafishe kwa petroli.

TATU, CHAGUA RANGI IFAAYO. Rangi ya mafuta ya kupakia milango na madirisha haifai. Hubabuka, hunuka, na moshi wake ni mbaya. Nunua ile ambayo kopo lake limeandikwa kwamba yastahimili joto kali, na usome digrii zake. Uliza pia kama haina risasi. Ukiikosa, ni heri kuliacha bati bila rangi.

NNE, PAKA KWA KIASI. Kiangazi cha Agosti na Septemba chafaa, asubuhi kabla upepo wa vumbi haujaanza. Paka ubavu wa nje na sehemu ya chini penye mlango wa hewa. Usipake chungu, ukingo wa juu, wala vyuma vitatu vinavyoshika sufuria. Mipako miwili myembamba hushinda mmoja mzito. Ngojea mpako wa kwanza ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

TANO, WASHA BILA CHAKULA. Siku ya kwanza washa makaa machache nje, pasipo sufuria, mpaka harufu iishe. Ndipo upike.

Mwisho, kumbuka kwamba jiko lenye sura mpya bado latoa ile hewa ya sumu ya makaa, isiyoonekana wala kunuka. Usilale nalo chumbani, hata usiku wa baridi wa Julai.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini chungu hukaguliwa kabla ya kununua rangi?
2. Kwa nini bati huloweshwa kabla ya kusuguliwa?
3. Taja sehemu tatu za jiko zisizopakwa rangi.

Wasomeeni majibu wale wa nyumbani wasiojua kusoma, maana wao pia hupikia jiko hilohilo.