Mchezaji na Kizuizi: Rangi, Mahali na Vazi katika Michezo ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya

1.0 Utangulizi

Anayesafiri kutoka mjini Garissa kwenda Nairobi huanza safari yake kwa kuuvuka mto Tana. Kwa miaka mingi abiria wa njia hiyo walizoea kushuka garini karibu na daraja, kutoa vitambulisho na kusubiri kukaguliwa. Upo pia msemo unaoendana na mazoea hayo: mkazi wa Kaskazini Mashariki anayekwenda kusini husema kuwa anakwenda “Kenya”, kana kwamba anakotoka ni nchi nyingine. Msemo huo husemwa kwa mzaha, lakini ni mzaha wenye historia ndani yake.

Makala haya yanaitazama historia hiyo kupitia michezo. Uwanja wa michezo husifiwa kuwa mahali ambapo binadamu hupimwa kwa kasi, nguvu na akili yake tu. Hata hivyo, kabla ya mchezaji kupimwa ni sharti kwanza aruhusiwe kuingia uwanjani. Ruhusa hiyo imewahi kunyimwa watu kwa sababu ya rangi ya ngozi, mahali wanakotoka na vazi wanalovaa. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba mchezaji mmoja anapopenya kizuizi, kizuizi chenyewe huwa bado kimesimama. Huanguka pale kanuni inapofutwa, na wale wanaomfuata wakapata uwanja, mwalimu na njia. Wahenga walisema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa.

2.0 Kizuizi cha Rangi

Mfano unaojulikana zaidi duniani unatoka Marekani. Jackie Robinson alikuwa mwanamichezo wa chuo kikuu cha UCLA, ambako aliwakilisha chuo chake katika michezo minne. Pamoja na sifa hizo, ligi kuu za besiboli zilikuwa zimewafungia nje wachezaji Weusi kwa zaidi ya nusu karne. Mlango ulifunguka tarehe 15 Aprili 1947, Robinson alipoingia uwanjani akiwa na timu ya Brooklyn Dodgers.

Kenya ya wakati huo nayo ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Kulikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na vilabu vya starehe na michezo vilifuata mgawanyo huohuo. Katika fikra za kikoloni, Mwafrika alidhaniwa kuwa na mwili wenye nguvu usio na nidhamu ya kupanga mbio ndefu. Dhana hiyo ilijaribiwa hadharani mwezi Julai 1954, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro waliposhiriki mashindano ya riadha katika uwanja wa White City, London. Chepkwony aliumia na kujiondoa katika mbio za maili sita. Maiyoro, akikimbia miguu mitupu, aliwaacha wenzake kwa mbali katika mbio za maili tatu kabla ya kumaliza wa tatu. Waliomtangulia, Freddie Green na Chris Chataway, walikuwa na kasi ya rekodi ya dunia siku hiyo. Mwaka huohuo Maiyoro alishika nafasi ya nne mjini Vancouver, na mwaka 1956 alikuwamo katika kikosi cha kwanza cha Kenya kwenye Michezo ya Olimpiki, mjini Melbourne.

Baada ya hapo njia ilipanuka. Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Olimpiki kutoka Tokyo mwaka 1964. Vyuo vya Marekani navyo vilianza kuwapokea wanariadha wa Kenya. Robert Ouko na Julius Sang walisoma katika chuo kikuu cha North Carolina Central, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Weusi katika jimbo lililokuwa limeshikilia ubaguzi. Mwaka 1972, mjini Munich, wawili hao pamoja na Charles Asati na Hezahiah Nyamau walitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 kwa wanne.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa kizuizi cha rangi kilikuwa kimeanguka, mbona katika orodha ya mashujaa hao hakuna aliyetoka Garissa, Wajir au Mandera?

3.0 Kizuizi cha Mahali

Jibu halipo katika miguu ya watu wa kaskazini. Abdi Bile, Msomali aliyesoma chuo kikuu cha George Mason nchini Marekani, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mjini Roma mwaka 1987. Kipaji kilikuwako. Kilichokosekana upande wa Kenya ni njia ya kukifikisha mahali kikaonekana.

Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililojumuisha Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Sheria ya mwaka 1934 iliongeza mamlaka ya maofisa juu ya watu na mienendo yao. Uhuru haukuleta nafuu iliyotarajiwa. Mwezi Desemba 1963, wiki mbili hivi baada ya bendera mpya kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa kutokana na vita vya kutaka kujitenga. Vita vilikoma mwaka 1967, lakini sheria zilizotokana navyo zilifutwa mwaka 1991.

Ikumbukwe kwamba mwanariadha halelewi na kipaji peke yake. Huanzia katika mashindano ya shule, akapanda hadi wilaya, mkoa na taifa, na hapo ndipo kocha au chuo cha ng’ambo humwona. Kila ngazi huhitaji barabara, usalama na uhuru wa kusafiri. Mahali ambapo safari yenyewe imewekewa kibali, ngazi hiyo hukatwa kwenye kipawa chake cha kwanza.

Uwanja wenyewe pia una kumbukumbu nzito. Mwezi Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa wa Bulla Karatasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi, wakazuiliwa huko bila chakula wala maji. Watu wengi walipoteza maisha katika tukio hilo, ambalo baadaye lilichunguzwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Mahali palipokusudiwa watoto wakimbizane palifanywa kizuizi kwa wazazi wao. Anayeuliza kwa nini mji fulani hauna desturi ya kujaa uwanjani, na aanzie hapo.

Baadaye kilikuja kizuizi kisichoandikwa katika sheria yoyote, nacho ni hofu. Shambulio la basi lililotoka Mandera mwezi Novemba 2014 liliua watu 28, walimu wakiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Mapema mwaka 2020, kufuatia mashambulizi mengine, walimu wasio wenyeji waliondolewa katika sehemu nyingi za eneo hilo. Mwalimu anapoondoka, haondoki na somo la hesabu peke yake. Mara nyingi ndiye pia kocha, refa na mlezi wa timu.

4.0 Kizuizi cha Vazi

Kwa msichana wa Garissa, ambako wakazi wengi ni Waislamu, kulikuwa na kizuizi cha tatu. Mwaka 2007 bodi inayotunga sheria za kandanda duniani iliunga mkono uamuzi wa kumtoa uwanjani msichana wa miaka 11 nchini Kanada kwa sababu alivaa hijabu. Mwezi Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman, katika mchujo wa Olimpiki, kwa sababu hiyohiyo. Majaribio ya kuruhusu vazi hilo yalianza mwaka 2012, na ruhusa kamili ikatolewa tarehe 1 Machi 2014.

Katika mpira wa kikapu, mfano bora ni wa Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani Mweusi na Mwislamu. Alipohitimu shule ya sekondari jimboni Massachusetts alikuwa amefunga pointi 3,070, rekodi ya jimbo hilo. Katika chuo kikuu cha Memphis akawa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika daraja la juu la michezo ya vyuo vya Marekani. Hata hivyo, alipotaka kucheza kwa malipo Ulaya mwaka 2014 alikuta kanuni ya shirikisho la dunia, FIBA, ikikataza vifuniko vya kichwa. Kanuni hiyo ilibadilishwa mwaka 2017, yeye akiwa mmoja wa waliopaza sauti. Miaka mitatu ni muda mrefu katika maisha ya mchezaji. Bilqis aliufungua mlango ambao wengine ndio wanaoupita.

Aidha, si haki kuwatupia lawama watunga kanuni wa ng’ambo pekee. Zipo familia zinazoona kuwa msichana kukimbia mbele ya watu ni aibu. Kwa hili, Marsabit inatoa somo. Fatuma Abdulkadir Adan, mwanasheria aliyeanzisha shirika la HODI mwaka 2003, alitumia kandanda kuwapatanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana, kisha akawaingiza wasichana uwanjani ili mpira uwe nafasi ya kuzungumzia ukeketaji na ndoa za mapema. Hakungoja msichana mmoja shujaa ajitokeze, alijenga timu.

5.0 Katiba na Uwanja

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 27(4), inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na katika orodha hiyo yamo maneno mawili yanayohusu makala haya: rangi na mavazi. Kwa hiyo vizuizi viwili kati ya vitatu vimetajwa kwa majina. Mahali anapoishi mtu hapakutajwa katika orodha hiyo. Yapo maeneo yaliyoachwa nyuma, nayo yametengewa Hazina ya Usawazishaji chini ya Kifungu cha 204. Hata hivyo, huduma zinazotajwa hapo ni maji, barabara, afya na umeme.

Viwanja vya michezo vimewekwa na Katiba hiyohiyo mikononi mwa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Maana yake ni kwamba mwenye jukumu la uwanja wa Garissa yuko Garissa. Anaweza kuulizwa, naye anapaswa kujibu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa vizuizi vya rangi, mahali na vazi ni ndugu wa tumbo moja: vyote huamua nani ashindane kabla ya mashindano kuanza. Maiyoro, Robinson na Abdul-Qaadir wanastahili sifa zao. Lakini anayewasifu bila kuuliza ni nani aliyeachwa nyuma ya kizuizi amejifunza nusu ya somo. Nusu ya pili iko ng’ambo ya daraja la Tana, kwa msichana mwenye hijabu ambaye kanuni za dunia sasa zinamruhusu kucheza. Kilichobaki ni apate uwanja, mwalimu na gari la kumfikisha kwenye mashindano, na atakapovuka daraja asiseme tena kuwa anakwenda Kenya.