Safari ya kwanza ya mbali kwa pikipiki: Butembo, Beni na kurudi

Pikipiki yako umeizoea hapa Mususa, Butembo. Matope ya mtaani unayajua, gunia la viazi umekwisha kulibeba kutoka sokoni, na watoto umewafikisha shuleni wazima. Sasa kuna msiba Beni, au kuna deni la kufuata huko, nawe unajiuliza kama unaweza kwenda mwenyewe badala ya kulipa gari. Unaweza. Ila njia ya mbali ina madai yake, na mengi unayatimiza kabla hujawasha moteri.

Swali la kwanza la watu ni hili: niende wapi? Mimi nasema Beni, na safari nyingine zisubiri. Kutoka Butembo ni kilomita 54 kwa barabara ya taifa namba 2. Njia ikiwa kavu, mgeni anayekwenda kilomita 30 kwa saa anafika kabla saa mbili hazijatimia, anamaliza shughuli, na mchana huohuo anarudi. Tena nchi yenyewe inakufundisha. Butembo imekaa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Beni iko chini, kama mita 1,100. Kwenda ni kushuka, na breki zitajulikana. Kurudi ni kupanda, na moteri itajulikana.

Goma isikushawishi. Tangu Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, njia ndefu ya kusini hadi huko si ya mtu anayejifunza. Kutoka Beni kwenda Oicha, Eringeti na Komanda nako, waasi wa ADF wameua wasafiri wengi, na mara nyingi magari hupita kwa msafara wa jeshi. Hata njia yetu ya Beni imewahi kushambuliwa: Maboya, iliyo njiani humo, iliingiliwa na kuchomwa usiku mmoja wa Oktoba 2022. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari sikiliza Radio Okapi au Radio Moto, kisha asubuhi nenda kwenye maegesho ya motari, wale wanaobeba abiria kwa pikipiki, umtafute aliyetoka Beni jana. Muulize tu: “Yaya, njia iko namna gani?” Atakwambia wapi pameharibika, wapi askari wamesimamisha watu, na kama ni siku ya kubaki nyumbani. Akisema ubaki, baki. Mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na saa za mwisho za pikipiki kutembea hubadilishwa kwa amri, kwa hiyo muulize na hilo.

Karatasi gani zinahitajika? Permi, ndiyo ruhusa ya kuendesha. Karti roze, inayoonyesha pikipiki ni ya nani. Asiransi, ndiyo bima. Na vinyeti, ile kodi ya mwaka. Bima ya lazima inamlipa mtu utakayemgonga, wala haikutengenezei pikipiki yako. Wengi hulijua hilo siku ya ajali. Zamani ilinunuliwa SONAS peke yake, lakini sheria ya 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, basi ulizia bei sehemu mbili. Vinyeti ni ya ofisi ya mapato ya mkoa. Ongeza karti yako ya uchaguzi, kwa sababu ndiyo kitambulisho askari wanachokiomba. Zote ziweke kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya koti, na fotokopi uiache nyumbani.

Sasa pikipiki yenyewe. Ipeleke kwa fundi siku mbili au tatu kabla, isiwe asubuhi ya safari, maana kifaa kilichofungwa leo kinataka kujaribiwa mtaani kwanza. Mwambie: “Papa, naenda Beni, nitazamie breki, shene na matairi.” Vidanji, yaani kumwaga mafuta machafu ya moteri na kutia mapya, ifanywe kama hukumbuki ya mwisho ilikuwa lini. Pikipiki za kwetu, Boxer au TVS, hutumia kama lita moja. Nunua kopo lililofungwa, na ulione likifunguliwa.

Shene, ndiyo mnyororo, unaweza kuipima mwenyewe. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka kidole chini ya mnyororo katikati ya meno ya mbele na ya nyuma, usukume juu. Ukicheza sentimita mbili hadi tatu, uko sawa. Ukicheza zaidi, utaruka kwenye mashimo. Ukikaza kama uzi wa gitaa, utakatika kwenye mlima. Halafu zungusha gurudumu polepole na upime tena mahali pengine, kwa kuwa shene iliyochakaa hulegea upande mmoja na kukaza upande mwingine. Ukiikuta hivyo, usiikaze: ibadilishe, pamoja na meno yake.

Kwenye tairi, tazama kama vidole vya mpira bado vimesimama. Tairi laini linakwenda vizuri kwenye lami na linakuangusha kwenye udongo mwekundu. Chukua shambrea moja (mpira wa ndani), buji (plagi) moja mpya, ufunguo wa buji, waya kidogo, koleo na pampu ndogo. Shambrea ukiwa nayo, hata fundi wa kijijini asiye na gundi anakutoa njiani kwa nusu saa.

Itagharimu kiasi gani? Kwenda na kurudi ni kilomita 108. Pikipiki ya sese 100 au 125 hutumia lita mbili hadi mbili na nusu kwa kilomita 100, na zaidi kidogo ukiwa na mzigo au matope. Kwa hiyo lita tatu zinakurudisha, lakini tia tano. Tuseme lita ni faranga 3,000: esanse (petroli) yako ni faranga 15,000. Bei hupanda njia ya Kasindi, mpakani na Uganda, ikifungwa, basi hesabu kwa bei ya siku hiyo. Ongeza vidanji, chakula, na akiba ya kuziba tairi mara mbili. Jaza kwenye kituo chenye pampu kabla ya kutoka. Makadafi, wale wauzaji wa chupa za barabarani, watakuokoa ukiishiwa, ila wengine huchanganya. Ukilazimika, nunua lita moja tu, uinue chupa kwenye jua: maji hukaa chini, na esanse iliyotiwa mafuta ya taa ina harufu nzito tena inaacha utelezi vidoleni.

Pesa zigawe sehemu mbili. Noti ndogo za faranga ziwe mfuko wa nje, kwa peaji (ushuru wa barabara) na chai, kubwa zifichwe. Dola iliyochanika hata kidogo usiibebe, hakuna atakayeipokea.

Nguo wengi wanazidharau. Asubuhi Butembo kuna baridi inayokaza vidole, na mkono uliokufa ganzi haubani breki. Vaa koti zito, suruali ndefu, viatu vilivyofunika kifundo, na glavu hata za bustani. Kaske (kofia ngumu) ifungwe mkanda chini ya kidevu; iliyowekwa kichwani bila kufungwa inaruka kabla ya kichwa chako kugusa chini. Usivae nguo yoyote ya rangi za kijeshi, hata kofia. Kwenye njia hii nguo hiyo inaweza kukugharimu zaidi ya faini. Na mara ya kwanza usibebe mtu. Ndugu akikuomba lifti, mwambie safari ijayo.

Ondoka saa moja asubuhi, mwanga ukiwa umekamilika na ukungu umeanza kupanda. Kabla ya kutoka, mwachie mtu mmoja nyumbani ratiba yako: nitapiga simu nikifika Maboya, nitapiga nikifika Beni. Mtandao hukatika kati ya vilima, basi mkubaliane pia akae muda gani kabla ya kuanza kuuliza.

Mteremko ndio unaoumiza wageni. Kuna desturi ya kuzima moteri ukishuka ili kuokoa esanse. Usiifuate. Ndani ya gurudumu lako kuna vipande viwili vinavyobana kila unapokanyaga breki. Ukivikanyaga kilomita nzima vinapata moto na vinaacha kushika, nawe uko kwenye kona na lori la Fuso linapanda. Moteri ikiwa inawaka kwenye vitesi (gia) ya pili, inashika pikipiki yenyewe, na breki unazigusa tu kabla ya kona. Esanse utakayookoa kwa kuzima haijazi hata kikombe cha chai. Usishuke pia umebana ambrayaji (klachi), kwa sababu hapo moteri haishiki chochote.

Ukikuta matope, angalia magari yamepita wapi. Mfereji wa tairi la lori mara nyingi una sakafu ngumu, na katikati ndiko udongo unakoteleza. Ingia polepole, vitesi ya kwanza au ya pili, macho mbali na si kwenye gurudumu, mkono wa gesi usitikisike. Breki ya mbele iache kabisa. Ukiigusa kwenye udongo mwekundu ulioloa, umelala. Mvua ikikukuta, simama kwenye baraza la watu ungoje. Jua la saa moja linakausha sehemu kubwa ya njia. Ndiyo sababu Januari, Februari, Juni na Julai ni miezi mizuri ya kuanzia. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua ina mamlaka.

Wakati wa jua adui ni vumbi. Lori likija mbele, washa taa, punguza, shika upande wako wa kulia, na ngoja vumbi litue kabla hujaongeza mwendo, maana nyuma ya lori kuna pikipiki nyingine isiyokuona. Ukitaka kulipita lori, piga honi hadi dereva akuonyeshe kwa mkono au kwa taa. Asipokuonyesha, kula vumbi. Kazi ya kutia lami kutoka Kasindi hadi Beni na kutoka Beni hadi Butembo ilizinduliwa na marais wa Kongo na Uganda tarehe 16 Juni 2021, kwa hiyo unaweza kukuta mashine na changarawe iliyomwagwa upya. Changarawe hiyo inateleza kama matope. Nayo uipite wima, bila breki ya ghafla.

Kwenye barieri (vizuizi vya barabarani) utasimama mara kadhaa. Punguza mapema, zima moteri, vua miwani ya jua, salimia kwanza: “Jambo, mukubwa.” Toa karatasi anayoiomba, si furushi zima. Peaji ina karatasi yake, na ukilipa, idai uitunze hadi nyumbani. Ukiombwa pesa isiyo na karatasi, uliza kwa upole ni ya nini, mara moja tu. Mimi sishauri mtu abishane na mwenye bunduki kwa ajili ya faranga 500, na pia sishauri utoe kabla hujaombwa, kwani anayekufuata ataombwa mara mbili.

Ukianguka je? Toka barabarani kwanza, kisha uitoe pikipiki. Mguu uliounguzwa na bomba la moshi, jeraha ambalo motari wote wanalo, umwagie maji safi ya baridi kwa dakika ishirini. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Jeraha linalotoka damu libane kwa kitambaa safi bila kuachia. Ukigonga kichwa, hata ukijisikia mzima, safari imeishia hapo, na kinachofuata ni hospitali kuu ya Beni au Kitatumba ya Butembo, kutegemea uko karibu na wapi.

Beni usikae sana. Weka saa nane mchana kuwa mwisho wa kutoka, kazi imeisha au haijaisha. Jua linazama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, na tairi moja tu likipasuka linakula saa nzima. Msiba ukikuzuia, lala Beni na upige simu nyumbani. Kabla ya kuondoka kaza tena boliti za gurudumu la nyuma na upime shene. Mashimo ya asubuhi yamekwisha kuvilegeza.

Baada ya Beni, Lubero ni safari nzuri ya pili kama habari za usalama zinaruhusu: kilomita kama 45 kutoka Butembo, unavuka ikweta njiani, na baridi ni kali zaidi. Kasindi ni kilomita 80 kutoka Beni, ndani ya hifadhi ya Virunga na juu ya daraja la Semliki. Nenda pale tu motari wa Beni wanapoenda, na kama kuna msafara wa jeshi, ungoje. Ukivuka mpaka hadi Mpondwe, saa ya Uganda iko mbele ya yetu kwa saa moja, na magari yanapita kushoto. Kwenye njia panda ya kwanza sema kwa sauti upande unaotakiwa kushika, kabla mkono haujaenda wenyewe kulia.