Kuondoa Wajibu Si Kuharamisha: Sheria ya Kujaribia Dawa kwa Wanyama

Msomaji aliyeonja fikihi, japo kidogo, ajua ya kuwa jambo likiondolewa wajibu haliwi haramu kwa sababu hiyo. Kanuni hii twaihitaji ili tuifahamu khabari iliyoenea kwa makosa, ati Marekani imepiga marufuku kujaribia dawa kwa wanyama. Haikupiga marufuku.

Sheria inayosemwa ilitiwa saini na Rais Biden tarehe 29 Desemba 2022. Kabla yake, mwenye kutaka kuwapa watu dawa mpya kwa majaribio alitakiwa alete kwanza matokeo ya vipimo, na vipimo vya wanyama vilitajwa waziwazi ndani ya sheria. Sasa vimehisabiwa kuwa njia moja katika njia kadha wa kadha, pamoja na vipimo vya seli za binadamu na vya kompyuta. Mwenye dawa amepewa khiyari ya njia. Wajibu wa kuuthibitisha usalama wa dawa yake ungali shingoni mwake.

Na tusiisahau asili ya wajibu ule. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani ilitaka kuiuza sulfanilamidi, dawa iliyokuwa na manufaa makubwa, kwa namna ya maji ya kunywa. Ikaiyeyusha katika daiethilini glaikoli, kitu kitamu ambacho ni sumu. Ikapima ladha, sura na harufu. Sumu haikuipima, wala sheria ya siku hizo haikuilazimisha ipime. Watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwamo watoto wengi. La ajabu ni kuwa kosa lililopatikana la kuishitakia lilikuwa la jina tu: dawa iliitwa “eliksiri” (neno lenye asili ya Kiarabu), na iitwayo hivyo ilipaswa kuwa na alkoholi ndani yake, nayo haikuwa nayo! Ndipo ikatoka sheria ya 1938. Basi asemaye kuwa vipimo vya wanyama vilikuwa ukatili mtupu hakufanya insafu.

Lakini mnyama si mtu. Machi 2006, mjini London, wanaume 6 walidungwa dawa iitwayo TGN1412. Kima walikuwa wamekwisha kupewa kiasi kikubwa kuliko hicho mara 500, wasidhurike. Katika muda wa saa chache wanaume wote 6 wakawa mahututi, ingawa hapana aliyekufa. Wataalamu walikuja kugundua kwamba baadhi ya seli za kinga za kima hazina kile kishikizo ambacho dawa ile hukishika katika seli za binadamu. Kumtesa mnyama bila ya haja kumekatazwa kwetu; na kipimo kisichomkinga mtu, haja yake ni ipi?

Badala yake yaanza kupatikana. Mwaka 2010 wataalamu wa Harvard walionyesha pafu lililofanywa juu ya kipande kidogo cha plastiki: upande mmoja seli za pafu la binadamu na hewa, upande wa pili seli za mishipa ya damu, na chote chavutwa na kuachiwa mfano wa kupumua. Hata hivyo pafu la plastiki halijui yatakayolipata figo, wala mimba tumboni. Kwa hiyo twaona sheria ilifanya vyema kutoufunga mlango wa zamani.

Aprili 2025 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza mpango wa kupunguza vipimo vya wanyama, ikianza na dawa za kingamwili. Dawa ile ya London ilikuwa ya jamii hiyo hiyo.