Kompyuta Zimepata Anwani, Hazijapata Faili

*Ninafundisha katika chuo kidogo cha ufundi hapa Sindo. Tulipewa kompyuta kumi na mbili zisizo na diski. Nimeweka LTSP kwenye seva moja ili ziwake kupitia mtandao, lakini zote hukwama zikiandika PXE-E32. Fundi anasema tununue diski. Nifanyeje?*
*– Mwalimu, Sindo*

Pole kwa kuhangaika, Mwalimu. Pesa za diski zishikilie kwanza. Ingekuwa E51, ingemaanisha hakuna aliyezipa kompyuta hizo anwani. Ingekuwa E53, ingemaanisha zimepata anwani bila jina la faili la kuwakia. Zako zimevuka hapo. Zinajua ziende wapi na zitake nini. Zinabisha hodi, haziitikiwi.

Mwenye kuitikia ni TFTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili. Husikiliza kwenye mlango 69 wa UDP. Endesha `sudo tcpdump port 69` kwenye seva, kisha uwashe kompyuta moja tu. Ukiona ombi lilelile likirudiwa tena na tena, huenda faiawali imefunga mlango: ufungue kwa `sudo ufw allow 69/udp`. Bado kimya? Tazama kama mipangilio ya dnsmasq, programu inayoendesha TFTP kwenye seva, ina mstari wa `enable-tftp`.

Usipoona ombi lolote, kompyuta zinabisha nyumba ya jirani. Hapo ninaishuku rauta ya intaneti, kwa sababu nayo hugawa anwani na inaweza kuzielekeza kwingine. Usiweke wagawaji wawili wanaoshindana. Iache rauta igawe anwani, na dnsmasq iwe wakala tu, iongeze maelezo ya kuwakia. Tumia kebo hadi kwenye swichi. Kompyuta nyingi haziwaki hivi kwa Wi-Fi.

Zikishawaka, usiibebeshe TFTP mzigo mkubwa. Kwa kawaida hutuma baiti 512, ikasubiri ithibitishiwe zimefika, ndipo itume nyingine, kama mtu anayeshusha omena mtumbwini kwa kikombe. Iachie faili ndogo za mwanzo. Mfumo wenyewe upite kwa NFS, njia ya kusoma faili za seva kupitia mtandao, kama LTSP inavyofanya.

Ninaloliogopa zaidi ni stima. Ikikatika ghafla, kompyuta zisizo na diski hazina faili za kuharibika ndani. Seva ndiyo iliyobeba kazi za wanafunzi wote. Kwa hiyo pesa ambazo mngenunulia diski kumi na mbili, nunulia UPS ya seva, pamoja na diski moja ya nje ya kunakilia kazi hizo kila jioni.